Kilo Arobaini na Moja

3 Juni
Msimu umefunguliwa leo ghalani. Wamechukua wanawake arobaini, wengine wamerudishwa getini. Naandika kwenye daftari la binti yangu la mwaka jana. Amemaliza shule na kurasa za nyuma zilibaki tupu. Karatasi imeshalipiwa, siwezi kuitupa.

Kazi ni ileile. Unakaa chini, ungo mapajani, unamwagiwa karanga, unatoa zilizooza, zilizovunjika, vijiwe na takataka. Nzuri unatia kwenye gunia lako lenye namba, na saa kumi unalikokota mpaka kwenye mizani. Kiwango ni kilo thelathini kwa siku. Tunalipwa kwa kilo, na bei ya kilo haijaguswa misimu mitatu. Sehemu ya tano ya ujira wanakushikia mpaka siku ya mwisho, wanaiita fungu. Ukishindwa kiwango siku tatu mfululizo unaondolewa, na fungu lako linabaki kwao. Msimamizi ametusomea haya yote kama vile sisi ni wageni.

Wifi amechukuliwa pia. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu. Tangu afiwe na mumewe anaishi nasi, chumba cha pili, mwaka wa nne sasa. Alikuja na kitanda na mdomo. Kitanda kimeshavunjika. Jioni alinikuta dukani nikibembeleza bei ya sabuni, akacheka mbele za watu: "Huyu wifi yangu ana mkono wa birika! Hata salamu anatoa nusu." Sikumjibu. Naandika hapa ili nisije nikamjibu.

5 Juni
Kilo 32. Wifi 31.

11 Juni
Unga umepanda.

14 Juni
Getini pana kijana anauza mikanda, soksi na miwani, amevitundika kwenye ubao na kuuegemeza ukutani. Kila tukitoka anatuita "warembo wangu". Tumempa jina la Msumbufu. Hakuna anayesimama, tumechoka na vumbi limetujaa mpaka masikioni.

20 Juni
Mume wangu ameuma jiwe kwenye wali. Aliyeuchambua mchele ni wifi. Nikasema, "Kule unalipwa kutoa mawe, hapa nyumbani unatugawia bure." Akanyamaza. Wifi kunyamaza si kawaida yake, lakini nilikuwa nimefurahi mno kushinda, sikufikiria zaidi.

27 Juni
Kilo 31. Binti alileta mkate umefungwa kwenye gazeti, akamwomba shangazi yake atusomee kama zamani. Wifi ndiye aliyekuwa akiwasomea wapangaji wote barua na magazeti. Alisema habari zinamchosha, zote ni za bei. Akalikunja gazeti na kuwashia moto.

28 Juni
Mafuta ya kupikia sasa yanauzwa kwa kijiko. Muuza duka amenunua kijiko kipya, kidogo.

9 Julai
Siku ya pili mfululizo wifi ameshindwa kiwango. Jana ishirini na nne, leo ishirini na tatu. Kesho akishindwa tena, anaondoka.

Nimemtazama leo kwa makini kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Anachukua punje, anaisogeza mbali mpaka mkono unanyooka, anakunja uso, halafu anaipapasa kwa kidole gumba. Iliyovunjika anaijua kwa kupapasa. Yenye ukungu haijui, kwa sababu ukungu haupapasiki. Nikakumbuka jiwe kwenye wali. Nikakumbuka gazeti.

Nilingoja tufike njiani.

"Wifi, macho yako yana nini?"

"Yamechoka kukuona wewe unavyonichungulia kutwa."

Tukatembea. Karibu na kona akasema, "Mbali naona vizuri tu. Yule bwana kule amevaa viatu viwili tofauti." Tulipomfikia, kweli, kimoja cheusi kimoja cha kahawia. "Karibu ndipo paliponikimbia. Mwaka wa pili huu. Usimwambie ndugu yangu."

"Si uende hospitali?"

"Macho kuangaliwa tu ni kodi ya chumba ya mwezi mzima. Bado miwani yenyewe. Miwani ni mambo ya watu wa ofisini, wifi. Nikishapewa fungu langu ndipo nitakwenda, kama litatosha."

Nilimhurumia, na huruma hiyo ilinikera, maana mtu mwenyewe hajawahi kunihurumia mimi.

10 Julai
Wifi ametoa kilo thelathini na moja. Naeleza ilivyokuwa.

Karibu na wifi anakaa msichana wa miaka ishirini na miwili tunayemwita Mashine. Hutoa kilo thelathini na tisa kila siku, haongei na mtu, na mimi siku zote nilimwona mchoyo. Leo alichota konzi ya karanga zake alizokwisha kuchambua, akainuka kwenda bombani kunywa maji, na alipopita kwenye gunia la wifi akaimwaga humo bila kusimama. Wa pili aliona, akafanya vilevile. Kufikia saa tisa kiu ilikuwa imeshika ghala zima. Konzi moja moja, watu karibu arobaini, hiyo ni kilo nane.

Uzuri wake ni huu: msimamizi hukagua kwa kuchota sehemu ya juu ya gunia. Juu ni konzi za watu, safi kabisa. Za chini sijui zikoje, na yeye hataki kujua.

Mimi sikwenda kunywa maji. Nina kilo moja au mbili juu ya kiwango, na hizo ndizo zinazonunua mafuta. Tena wifi anakula kwangu. Nimeshatoa.

11 Julai
Kilo 31. Wifi 30. Kiu inaendelea.

16 Julai
Mwenye nyumba amepita. Kodi inapanda kuanzia mwezi wa tisa. Mume wangu alisema, "Sawa mzee," na akaendelea kula. Yeye ni kibarua wa zege. Wiki hii ameitwa siku mbili.

19 Julai
Wifi alikuwa akiosha vyombo. Bila kugeuka akasema, "Mimi mbali naona. Naona nani anakunywa maji na nani hanywi." Akafuta mikono, akaenda kulala.

Nilikasirika. Baadaye nikaona aibu. Halafu nikakasirika tena, kwa sababu ya ile aibu.

24 Julai
Unga umepanda.

30 Julai
Wameleta shehena mbovu, karanga zimeloa na kushikana na udongo. Siku mbili hizi kila mtu anahangaika na lake. Mimi mwenyewe nimefikisha thelathini kamili. Kiu imepungua. Wifi jana 26, leo 27. Kesho ni siku ya tatu.

Amelala bila kula. Amesema hana njaa, na chakula amekipika yeye.

31 Julai
Leo naandika mengi.

Shehena nzuri imerudi. Tangu asubuhi wanawake walikuwa wakiangaliana. Hakuna aliyepanga kitu, lakini kila mmoja alijua leo ni siku ya tatu, na kila mmoja aliamua peke yake kutoa konzi mbili badala ya moja. Hilo sikulijua wakati ule. Tungeongea tungejua. Lakini msimamizi hataki maongezi, na jambo lenyewe halikuwa la kusemwa kwa sauti.

Mnamo saa nane wifi alikwenda chooni. Nikalitazama gunia lake. Kutoka nilipokaa lilionekana limelegea. Nikafikiria fungu lake, hospitali, yale macho. Nikafikiria alivyolala bila kula. Mbele yangu palikuwa na ungo uliojaa, umeshachambuliwa, kama kilo tatu hivi, tayari kutiwa kwenye gunia langu. Niliinuka nao hivyohivyo, nikaumimina wote kwenye gunia lake, nikarudi kukaa. Mashine aliniona. Alitabasamu, na sikuwahi kuyaona meno ya yule msichana kabla ya leo. Nilifurahi. Tangu msimu uanze sijafurahi hivyo.

Saa kumi tukapanga foleni. Tajiri mwenyewe, mwenye ghala, alikuwepo, amekuja kukagua daftari la mizani, amesimama nyuma ya msimamizi. Mashine, thelathini na tisa. Mimi, thelathini kamili, kwa kukimbiza vidole. Wifi akapandisha gunia lake. Msimamizi akatazama mizani, akalishusha, akalipandisha tena.

"Ngapi?" tajiri akauliza.

"Arobaini na moja."

Tajiri si mtu wa makelele. Anaongea taratibu na ana adabu. Akamuuliza wifi umri wake. Arobaini na tisa. Akauliza kama kuna aliyemzidi umri hapa ndani. Hakuna. Akatugeukia.

"Mnasikia? Kila mwaka mnaniambia thelathini ni nyingi. Nikiwatajia huyu binti mnasema ni kijana, ana mikono mepesi. Haya, huyu mama ni mkubwa kuliko nyote. Kuanzia kesho kiwango ni thelathini na tano."

Wifi akapewa zawadi ya sufuria na mfuniko wake. Tena akapewa cheo: hatachambua tena, atapita kwenye mistari akituelekeza, kwa malipo ya kilo thelathini na tano kila siku. Akashukuru. Angefanya nini? Akaondoka na sufuria kichwani, na hakuna aliyemcheka.

Nimepiga hesabu mara tatu usiku huu. Bila ungo wangu angetoka na thelathini na nane. Angekuwa chini ya Mashine, na hakuna ambaye angegeuka kumtazama. Ningebaki na choyo changu cha kawaida, wanawake arobaini wangelala salama leo.

1 Agosti
Kilo 34. Nimeshindwa kwa mara ya kwanza.

2 Agosti
Kilo 35. Sikunywa maji wala kwenda chooni.

5 Agosti
Msimamizi alinisimamisha nyuma ya magunia. Nilidhani naondolewa. Huyu bwana nimemchukia misimu mitatu kwa sababu ya sauti yake.

"Konzi zenu naziona tangu siku ya kwanza," akasema. "Unadhani mimi kipofu? Thelathini, thelathini na moja, naandika nafunga daftari. Nani aliwatuma mfike arobaini na moja? Mbele ya tajiri!"

Nilikaribia kumwambia ni mimi. Mdomo ulifunguka kabisa. Akaendelea, "Mwambie wifi yako akae kimya. Wiki saba tu zimebaki. Fungu lake ni kama analo mkononi." Kiatu chake cha kushoto kimefungwa kwa waya, kumbe. Sikuwahi kumtazama miguuni.

9 Agosti
Wameondolewa watatu. Upepo ni mkali, vumbi linaingia kwenye ungo.

14 Agosti
Wameondolewa wawili. Unga umepanda.

15 Agosti
Wifi anapita kwenye mistari akituelekeza. Anainama, anasema kwa sauti, "Hapo vizuri, mama, hapo angalia," na haoni kitu. Tunaitikia, "Asante, mwalimu." Mwanzoni tulikuwa tunazuia kicheko. Sasa hakuna kicheko cha kuzuia.

17 Agosti
Mmoja wa walioondolewa alimngoja wifi getini. Ana watoto wanne, mdogo alikuwa mgongoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Nilikupa konzi ishirini, dada. Nilizihesabu. Leo wewe ni mwalimu na mimi niko hapa nje." Msumbufu alijifanya anapanga ubao wake.

Wifi alitangulia mbele njia nzima. Nyumbani aliikalisha ile sufuria pembeni mwa chumba chake. Haijawahi kupikiwa.

23 Agosti
Kilo 35. Vidole vimepasuka. Walioondolewa wamefika tisa.

27 Agosti
Kesho tajiri analeta wanunuzi kutoka nje. Wifi atakaa mbele yao achambue ungo mmoja, waone.

Nilimwambia nitakaa ubavuni pake na kumtolea mbovu kisirisiri. Alicheka, kicheko chake cha zamani. "Wewe? Utanitolea bure?" Niliumia, maana nilistahili. Nilitaka kumwambia kuhusu ungo, lakini nikahofia. Akijua ni mimi niliyeharibu, itakuwaje? Na akijua nilimpa kwa moyo, itakuwaje pia? Vyote viwili vilinishinda.

28 Agosti
Wanunuzi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamevaa vitambaa vya kuzuia vumbi. Ilitandikwa turubai mpya. Wifi akakaa, akapewa ungo. Vidole vyake vilikwenda haraka kweli, zilizovunjika huku, nzima kule. Yule mwanamke akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Nikaanza kupumua.

Ndipo wifi akaweka ungo chini mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza.

"Mzee," akamwambia tajiri, "mimi sioni. Kitu cha karibu sikioni, mwaka wa pili sasa. Mle kwenye ungo kuna zenye ukungu, nyingi tu, mtaziona nyie. Zile kilo arobaini na moja si zangu. Za kwangu zilikuwa ishirini na mbili. Nyingine ni za hawa, walinichangia ili nisiondolewe. Hakuna mtu hapa ndani mwenye umri wangu anayeweza arobaini na moja. Rudisha kiwango chao. Mimi niondoe."

Tajiri akauchukua ungo, akatoa punje moja, mbili, tatu zenye ukungu, akaziweka kiganjani. Halafu akajibu kwa upole, kama anayemweleza mtoto hesabu:

"Mama, nashukuru kwa ukweli wako. Lakini hebu fikiri. Kila mmoja hapa alikuwa na konzi mbili za kutoa, na bado akafikisha thelathini yake. Maana yake walikuwa na ziada, na mimi sikuambiwa. Kiwango kitabaki palepale."

Mashine alisimama. Nilimvuta nguo akakaa. Ana mama yake anayemtegemea, na zilibaki wiki tatu na siku chache. Sijui kama nilifanya vizuri.

Wifi aliondolewa papo hapo. Fungu lake limebaki. Msimamizi alimfungulia geti, na akamshika mkono alipovuka mtaro, mbele ya tajiri.

29 Agosti
Kilo 36. Sijui zimetoka wapi. Nadhani ni hasira.

7 Septemba
Wifi ameipeleka ile sufuria kwa mama mwenye watoto wanne. Hakutuaga, tuliambiwa na jirani.

13 Septemba
Kodi mpya imelipwa. Hatukubakiwa na kitu.

21 Septemba
Siku ya mwisho. Mvua ya kwanza imenyesha tukiwa kwenye foleni ya fungu. Tulianza arobaini, tumepokea ishirini na saba. Msimamizi ametutangazia kwamba msimu ujao utaanza na thelathini na tano hiyohiyo. Alisoma bila kuinua macho.

Getini Msumbufu alikuwa anafunika ubao wake kwa nailoni. Sijui ni nini kilinisimamisha. Labda ni kwa sababu nilikuwa na pesa mkononi, jambo ambalo si la kila siku. Nikamuuliza ile miwani ni ya jua, ya urembo, au ya nini.

"Hii ya jua. Hii ya kusomea, mama, kwa wale ambao karibu pamewakimbia."

Alisema vilevile, kwa maneno ya wifi. Nikauliza bei. Alipoitaja nikadhani sikusikia kwa sababu ya mvua, nikauliza tena. Ujira wa siku mbili. Siku mbili za kiwango cha zamani.

"Mnapita hapa kila siku," akasema, "hamjawahi kuniuliza."

Nilisimama pale mvuani nikipiga hesabu, sikuweza kujizuia. Konzi za siku nane zingeinunua. Ukiacha Jumapili, tulimchangia siku kumi na tisa. Wanawake arobaini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza bei. Tulishajua jibu kabla ya kuuliza, kama tunavyojua jibu la kila kitu. Nilijichukia, nikatuchukia sote, halafu nikalipa. Sikupunguziwa, kwa sababu sikuomba.

Wifi alikuwa ameketi mlangoni. Nilimpa ile miwani. Akaivaa, akaitazama mikono yake kwanza, mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Kumbe umezeeka, wifi."

"Nimezeeka kwa kukutazama wewe."

"Lete kitu nisome. Chochote."

Ndani hapakuwa na gazeti. Palikuwa na daftari hili tu. Nilijua yaliyomo. Nikampa hata hivyo, nikaenda kuinjika maji, nikawa nageuka kila mara. Alisoma midomo ikicheza. Penye kitanda na mdomo alicheka mpaka akakohoa. Baadaye akaacha kucheka. Akasoma kimya, akafungua ukurasa, akaurudia uleule. Nikajua amefika tarehe thelathini na moja.

"Ungo mzima?" akauliza.

"Mzima."

"Wewe? Mkono wa birika?"

Nilikuwa nalia kama mtoto, na mimi si mtu wa kulia. Wifi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akairudisha machoni, akaanza kuusoma ukurasa ule tena kuanzia juu, safari hii kwa sauti, ili na ndugu yake kule ndani asikie.